Bwawa na Milango Yake Yote

Jumamosi ile ya salongo, kazi ya pamoja ya lazima, watu wa Avenyu Tanuri walipewa kazi ya kuchimba mashimo ya nguzo za uzio kandokando ya bwawa. Josaphat, chefu wa avenyu, alipita asubuhi na filimbi yake, parseli kwa parseli, kiwanja kwa kiwanja, na kwa kuwa kukosa salongo huleta maneno, kila nyumba ilitoa mtu na chombo. Pétronille alitoka na jembe lenye mpini mfupi. Alikuwa na haraka ya kuingia majini kuvua, maana mvua ilikuwa imemzuia tangu katikati ya juma na nyumbani hakukuwa na mboga, lakini aliona heri amalize kwanza kazi ya serikali ili asisumbuliwe tena.

Josaphat alisema uzio ule ni kwa ajili ya watoto. Kweli, mtoto wa mtu alikuwa ameteleza pale wakati wa mvua, akatolewa na matope puani, na kila mama wa avenyu alikuwa bado analiota jambo hilo. Basi watu walichimba kwa moyo. Kwenye mitaro ya barabara watu hao hao husimama wameegemea majembe wakizungumza mpira, lakini siku ile hata wazee walivua mashati. Pétronille alipewa kushika kamba ili nguzo zisimame kwenye mstari mmoja. Nguzo moja ilipoinama, ni yeye aliyesema ing'olewe ipandwe upya.

Mabati yakapigiliwa, likabaki geti moja la chuma. Josaphat aliwashukuru watu, akawaambia waende wakapumzike. Sentineli mgeni, mlinzi mwenye koti kubwa la mvua na uso wa usingizi, alishuka kutoka nyuma ya gari akafunga geti kwa kufuli. Watu wote walikuwa nje na mitumbwi yote ilikuwa ndani.

"Papa, unifungulie," Pétronille akamwambia. "Pirogi yangu iko mule."

"Utakuya na ruhusa ya Boss Lambert."

"Boss Lambert anaingilia wapi kwa maji ya watu?"

Sentineli alinyoosha kidole kwenye kibao kilichopigiliwa juu ya geti, rangi yake bado mbichi: BWAWA HII NA MILANGO YAKE YOTE IKO MALI YA MUTU. ISIPITIWE.

Neno hilo la milango ni neno la pale. Mahali ambapo mtumbwi unaingilia majini, watu wa Avenyu Tanuri wanapaita mlango, hawana jina lingine. Kulikuwa na mlango wa majani, mlango wa jiwe, na kule kwenye kina mlango wa Pétronille. Aliyeandika kibao alitaka kila mtu aelewe bila kutafsiriwa, akatumia neno la watu. Kwa hilo alifanya vizuri, maana hakuna aliyeuliza maana yake.

Lambert naye hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa avenyu ile ile, aliyepata utajiri wa saruji, akajenga nyumba ya bloku upande wa juu na sale ya arusi, ukumbi wa kukodisha, karibu na barabara. Kuna karatasi za bwawa alizopata mahali, zenye mihuri, na watu waliziona kwa mbali zikiwa ndani ya plastiki. Alichotaka ni kitu cha kuongezea kwenye sale: maharusi wa Bunia siku hizi wanapenda picha, na picha za ndani ya mtumbwi, bibi arusi ameketi mbele na mwavuli mweupe, zinatoka kitoko, nzuri sana.

Wala bwawa lenyewe halikuumbwa na Mungu moja kwa moja. Watu walipokuwa wanakuja kujenga, wengine kutoka Gety, wengine Kpandroma, wengine Butembo, kila mmoja na vita vyake nyuma, walichimba udongo pale wakafyatua matofali, wakayachoma, wakasimamisha kuta. Nyumba zilivyozidi, shimo lilizidi. Mvua ikalijaza, mtu mmoja akaleta tilapia wadogo ndani ya bido, dumu la plastiki, na ikawa imekwisha. Kwa hiyo bwawa lina ukubwa wa avenyu kamili. Udongo unaokosekana kule umesimama huku, umeezekwa mabati, na watu wanalala ndani yake.

Théodore, mume wa Pétronille, alikuwa mmoja wa hao wafyatuaji, na alikuwa hodari, mpaka siku tanuri lilipomwangukia mgongoni. Tangu hapo alilala kwenye chumba cha nyuma, akisogea tu kwa kusogezwa. Shamba lao lilikuwa kule ambako sasa hakuna anayekwenda kulima. Pétronille alikuwa mtoto wa wavuvi wa pwani ya ziwa, upande wa Mahagi. Hakujua biashara, hakujua kushona, alijua maji. Alitafuta mtumbwi, akatafuta mwenzake wa kushika kafi, maana nyavu ya kutupa inataka mikono yote miwili na mtumbwi hauwezi kujiongoza. Alimpata jirani yake Faida, mwanamke wa Butembo ambaye siku ya kwanza aliketi ndani ya mtumbwi amefumba macho akisali rozari nzima. Miaka ilivyopita Faida akawa anapiga kafi bila hata kutazama, akiongea habari za watoto wake. Samaki waliouzwa barabarani walikuwa sabuni, chumvi na dawa. Waliobaki ndio Théodore alikula. Kuingia majini kulikuwa maisha yake, na kufungiwa nje kulikuwa mwisho wa Théodore. Jambo hilo Pétronille alilijua tangu kufuli lilipolia.

Jioni watu walikusanyika kwenye parseli ya Josaphat. Hakuna aliyegombana. Watu wa pale wameona mambo makubwa kuliko uzio, na ukiwa umeona mambo makubwa unakuwa mpole hata mahali ambapo usingefaa kuwa mpole.

"Chefu, siye tutaingilia wapi?" Pétronille aliuliza.

Josaphat alikuwa anakula fufu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekwisha kupewa kitu na Lambert. Alitafuna, akameza, akasema, "Kila mutu atafute mulango yake."

Ndivyo wanavyosema Bunia wakitaka kukuambia ujipange, usiniletee tena. Ukikosa kazi, tafuta mulango yako. Ukifukuzwa shule, tafuta mulango yako. Hakuna anayefikiria mlango wa mbao. Lakini bwawa halikuwa limekwenda shule, na neno lile, lililosemwa na mwenye mamlaka mbele ya watu wote, lililichukua kama lilivyokuwa.

Haikuwa siku ile ile. Kwanza njaa ilipita nyumbani. Pétronille alipika majani ya sombe bila samaki, kisha lengalenga bila mafuta, kisha fufu na chumvi. Théodore alianza kusema ameshiba kabla sahani haijafika. Mifupa ya uso wake ilitokeza, na usiku alipogeuzwa alikuwa mwepesi, jambo lililomsaidia Pétronille mikono na kumuumiza moyo.

Asubuhi moja alikwenda kumwaga maji aliyomwogeshea. Chumba chao kilikuwa na mlango wa nyuma uliotokea uani, kwenye jiko na kamba ya nguo. Aliufungua akakuta bwawa. Maji yalifika kwenye kizingiti yakasimama hapo, yametulia, na mtumbwi wake ulikuwa umeegemea ukuta, kafi ndani. Ua, jiko na kamba havikuwepo upande ule. Ukizunguka nyumba kwa nje uliviona vyote mahali pake, na nguo zinakauka.

"Funga, baridi inaingia," Théodore alisema kutoka kitandani.

"Ni maji ya bwawa."

"Njo maana. Nilikuambiaga mulango hii inapitisha baridi."

Pétronille aliona si vizuri kumwaga maji ya kuogea kwenye maji ya samaki. Alirudi, akayamwaga mbele ya nyumba, halafu akaenda kumwita Faida. Faida alikuja akachungulia, akavua sandali zake kando ya kitanda kwa heshima ya mgonjwa.

"Papa Théo, utusamehe. Tunapita."

"Mupite," Théodore alisema. "Mulete kubwa."

Wakapita kati ya kitanda na sanduku la nguo, wakaingia mtumbwini, Faida akasukuma kizingiti kwa kafi. Kule upande wa pili waliona uzio kwa ndani, umenyooka vizuri, na sentineli ameketi akiwapa mgongo, akilinda geti. Walitupa nyavu. Tilapia walijaa sufuria.

Kufikia mchana ilijulikana kwamba nyumba zote za matofali ya pale zilikuwa vile vile, kila moja na mlango wake mmoja. Watu walilinganisha. Mlango wa Faida ulitokea kwenye majani, mahali pa kina kifupi, na mtumbwi ulikwama. Aliona Mungu angeweza kumfikiria zaidi. Mzee mmoja alipewa upande wa jiwe, ambako vyura hawanyamazi, na alilalamika kwa yeyote aliyesimama. Mama mmoja wa Legio ya Maria kanisani alisema unyevu unamharibia unga. Josaphat mwenyewe alifungua mlango wa stoo yake asubuhi, mbuzi aliyekuwa amefungwa mle akatoka kama kawaida, na haikuwa kawaida, ilikuwa kina. Nyumba ya Lambert, kwa kuwa ni ya bloku za saruji, haikupata kitu. Akina mama wenye watoto wadogo walianza kuwafunga kwa vikwembe, vitenge vyao vya kujifunga, kwenye miguu ya meza, maana sasa maji yalikuwa ndani ya nyumba. Uzio wa kulinda watoto uliendelea kusimama imara kule upande wa barabara.

Zile zilikuwa siku nzuri, na zisemwe hivyo. Pétronille na Faida waliingia majini kila asubuhi kwa kupitia chumbani. Moshi wa samaki ulirudi kwenye avenyu. Théodore alikula mchuzi na kichwa cha kambale, akalamba vidole. Siku moja akaomba kitanda kigeuzwe ili awaone wakitupa nyavu, na akawa anawasema kutoka pale alipolala: Faida analaza kafi, Pétronille anatupa kama mtu anayefukuza kuku. Pétronille alifurahi kusemwa. Alikuwa amesahau sauti hiyo ya mumewe.

Kisha Lambert alikuja. Alikuja vizuri, na sukari na sabuni mbili kwa ajili ya mgonjwa, Josaphat akimfuata nyuma. Aliketi kwenye kiti alichopewa, akamsalimia Théodore kwa mikono miwili, akauliza habari za mgongo. Théodore ndiye aliyefyatua matofali ya nyumba ya mama yake Lambert, enzi hizo, na waliongea kidogo juu ya marehemu mama na ukarimu wake. Mlango ulikuwa wazi. Maji yalikuwa yakimetameta mpaka kwenye dari.

"Mama Pétronille," Lambert alisema, "hii ni mulango ya maji?"

"Ni mulango ya nyumba yangu."

"Sawa. Lakini pirogi inaingilia wapi?"

Pétronille alitazama mtumbwi, ambao pua yake ilikuwa imelala juu ya kizingiti, ndani ya chumba. Alisema inaingilia hapo.

"Voilà," Lambert alisema kwa upole, na akaeleza kile ambacho kila mtu alikuwa amekisoma: bwawa na milango yake yote. Hakuwa amepanga hivyo, alisema. Ingekuwa ni yeye, angeridhika na ile mitatu ya zamani. Ila maji yenyewe yameongeza, na mtu hawezi kukataa kilicho chake.

"Mulango hii niliinunua kwa seremala," Pétronille alisema. "Iko na misumari yangu. Iko na bawaba yangu."

"Mbao iko yako, mama. Hata leo unaweza kuibeba, sitakuzuia. Miye niko nasema juu ya mulango."

Alipoondoka, Pétronille aling'oa ule mlango. Alitumia nyundo ya Théodore, akautoa mbao na bawaba, akauegemeza ukutani upande wa barabara. Pale ulipokuwa palibaki wazi, na maji nje yake. Josaphat, ambaye alikuwa amebaki nyuma kuangalia, alisema kwa huruma kwamba ndivyo alivyoogopa. Usiku ule waliwekea pazia.

Watu wa avenyu walichanga maneno yao pamoja, wakaenda kwenye ofisi moja mjini ambako mambo ya parseli husikilizwa. Njiani Faida alitembea karibu na Pétronille, akamshika mkono.

"Wakikuuliza, useme haiko," alimwambia. "Useme hakuna maji kwako, kuko ua na jiko. Miye pia nitasema vile. Watakuya kuona wakati gani? Tutakuwa tunaingia malembe, pole pole, mapema, watu wakilala."

Pétronille aliitika, na alikuwa na nia hiyo kweli. Lakini waliposimama ndani, na yule bwana wa ofisini, aliyekuwa mstaarabu kabisa, akamtazama na kuuliza kama maji yako mlangoni mwake au hayako, alikumbuka jambo lingine. Alikuwa ameona vile bwawa lile linavyosikia. Neno moja la Josaphat, lililosemwa na mdomo wenye fufu, lilikuwa limeleta maji mpaka kitandani. Yeye akisema hayako, mbele ya muhuri na bendera, yatakwenda. Atarudi nyumbani akute ua, jiko na kamba ya nguo, na geti limefungwa, na Théodore atasema ameshiba.

"Yako," alisema.

Faida aliachia mkono wake. Wengine walioulizwa baada ya hapo walisema vile vile kwamba yako, kwa sababu nyumba ya kwanza ilikwisha kukubali na haikusaidia kitu kukana. Bwana wa ofisini aliwashukuru kwa kusema ukweli, akasema ni jambo adimu, kisha akapiga muhuri kwamba milango yote ni ya Lambert. Ilichukua muda mfupi kuliko watu walivyotumia kutembea kwenda.

Lambert alileta makufuli. Milango ile yenye mbao ilifungwa kwa nje na kwa ndani. Iliyokuwa ndiyo mlango pekee wa nyumba ikafungwa pia, na watu wakaanza kuingia kwao kwa madirisha. Wanawake walipitisha kwanza makala ya kupikia na ndoo, kisha watoto, kisha wao wenyewe. Mzee wa upande wa jiwe, ambaye dirisha lake lilikuwa dogo, alihamia kwa mtoto wake. Wanaozoea walizoea. Ukipita Avenyu Tanuri jioni unakuta watu wanaongea wamekaa juu ya madirisha, miguu nje, na hakuna anayeona ni ajabu.

Nyumba ya Pétronille haikufungwa. Ilikuwa na mlango wa mbele unaotazama barabara na ule wa nyuma kwenye kina safi, pasipo majani, mahali ambapo jua la alasiri linaanguka vizuri kwenye picha. Lambert alirudi na sukari tena. Alisema hapendi kumtoa mgonjwa nje, wala yeye si mtu wa namna hiyo. Wabaki. Pétronille akae mlangoni, awapokee maharusi na wageni, awashike mkono wakipanda mtumbwi. Yeye anajua maji kuliko sentineli. Wageni wakienda, anaweza kutupa nyavu yake, peke yake, kwa ajili ya mgonjwa tu, asiuze. Lakini mtu mwingine wa avenyu asipite hapo. Akipita hata mmoja, yeye na mumewe watatoka na kitanda chao.

"Yako kweli?" Théodore aliuliza baadaye. Alitaka kujua, kwa neno lile la ofisini, kama amekubali masharti ya Lambert.

"Yako," Pétronille alisema.

Théodore aliomba kitanda kigeuzwe kama zamani, akatazama ukuta. Hakusema tena ni nani anatupa nyavu vipi. Kutupa peke yako kuna shida yake, mtumbwi unazunguka na samaki wanasikia, lakini kitu cha sufuria kilipatikana, na alikula alichopewa. Maharusi walipopita na viatu vyao vyeupe, wengine walisema, "Pole, papa," wakielekea mgongo wake, wengine waliogopa kumtazama siku kama ile. Pazia lilibadilishwa likaletwa jekundu, lenye nyuzi za dhahabu, kutoka sale. Kuta zilipakwa chokaa. Pétronille alipewa kitambaa cha kichwani kinachofanana na pazia.

Faida alikuja Jumamosi moja alasiri, kabla ya arusi. Alisimama mbele ya nyumba, nyavu yake imekunjwa kichwani, nguo yake imeshika vumbi la dirisha. Walikuwa hawajaongea tangu ofisini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile Pétronille kumwona kwa karibu, na aliona amekonda mikono, mikono ile iliyokuwa ikipiga kafi.

"Unipitishe," Faida alisema. "Mbele ya watu kufika. Nitatupa mara moja, nitoke."

"Faida."

"Batoto walilala jana bila kitu. Leo pia hakuna kitu. Sikuji kugombana."

"Nikikupitisha, Théodore atalala inje."

"Najua."

"Na mvua hii."

"Najua, Pétro. Niko nakuomba tu."

Pétronille alisimama katikati ya mlango wake wa mbele. Aliona haya, haya iliyomshika mpaka masikioni, na chini ya haya kulikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya Faida, kwa sababu Lambert hakuwepo pale na Faida alikuwepo. Alitaka kumwambia kwamba yeye pia hajui amefanya nini. Alitaka kumwambia achukue sufuria ya ndani, lakini ndani ya sufuria kulikuwa na tilapia mmoja, na alikuwa wa Théodore. Hakusogea.

"Hapana," alisema.

Faida alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali, kama mtu aliyeulizwa njia na anaikumbuka. Aliuliza Théodore iko namna gani. Pétronille akasema iko. Wakabaki wamesimama hivyo, kwa sababu hakuna kati yao aliyejua namna ya kuondoka.

Ndipo honi za arusi zikasikika, pikipiki mbele na magari nyuma yake, yamefungwa riboni. Yalisimama pale penye matope. Bibi arusi alishuka, msichana mdogo sana, mwenye aibu, akishika maua kwa mikono miwili, na mkia wa gauni lake ukaanguka nyuma yake kuelekea kwenye dimbwi. Wasindikizaji walikuwa bado wanatafuta simu za kupigia picha. Faida alishusha nyavu yake chini, akainama, akaudaka ule mkia kabla haujagusa tope, kama mwanamke yeyote wa Bunia angefanya kwa mtoto wa mtu siku ya arusi yake. Akaukunja kwenye mkono, akamfuata msichana nyuma, hatua kwa hatua, akimwambia akanyage wapi, mpaka kwenye kizingiti cha nyumba. Hapo alisimama.

Pétronille aliupokea mkia wa gauni kutoka mikononi mwake, akauingiza ndani.